Utangulizi: Kuutafuta Mshono wa DNA

Hii ni kazi ambayo jicho halisaidii sana. Umeikata plasmidi, tuseme kwa kimeng'enya EcoRI, ukaongeza kipande cha jeni unayoitaka, kisha ligasi ya T4 ikaachwa iziunganishe ncha kwa nishati ya ATP. Asubuhi mrija una matone yale yale maangavu. Je, vimeungana?

Mwaka 1973 Stanley Cohen, Herbert Boyer na wenzao walijibiwa na bakteria: walioota penye dawa ndio waliobeba plasmidi mpya. Njia hiyo ingali inatumika. Lakini PCR, njia ya kunakili DNA aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, huturuhusu kuuchungulia mchanganyiko wenyewe kabla bakteria hawajaguswa.

Hapo ndipo wengi hukimbilia mashine bila kufikiri praima mbili, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, zikae wapi, na kwa maoni yangu ujuzi wote uko hapo. Zikikaa zote mbili ndani ya kipande kipya, jeli itaonyesha mstari mzuri hata kama ligasi haikufanya lolote, kwa kuwa kipande kilichoachwa huru nacho hunakiliwa. Hata koloni hudanganya hivyo: DNA iliyomwagwa juu ya agari huchotwa pamoja na bakteria. Weka praima moja kwenye plasmidi na nyingine kwenye kipande, zikielekeana. Sasa ili nakala ziongezeke maradufu kila mzunguko, lazima uwepo uzi unaovuka mshono. Mpangilio huo pia hufichua kipande kilichoingia kinyumenyume, jambo la kawaida pale ncha zote mbili zilipokatwa kwa kimeng'enya kimoja.

Kwa koloni, praima mbili za plasmidi zinazokizunguka kipande zinatosha: plasmidi tupu hutoa mstari mfupi, iliyobeba hutoa mrefu. Katika mchanganyiko wa ligasi zinapendelea ile tupu, maana kifupi hunakiliwa kwa urahisi zaidi.

Mrija wa kulinganisha usiotiwa ligasi usiachwe kamwe. PCR hukuza hata molekuli chache, kwa hiyo mstari mnene si ushahidi kwamba muungano ulikuwa mwingi. Wala hauthibitishi kwamba duara la plasmidi limefungwa; kipande kinaweza kuwa kimeshikwa ncha moja tu. Mshono wa pili una praima zake, nao upimwe kivyake.