Mipaka ilipofunguka mwaka 2021: chanjo na majina kwanza, tiketi mwisho

Wakazi wa Nyeri waliokuwa wakisubiri kuwatembelea jamaa zao ughaibuni walipata nafuu mwaka 2021. Kuanzia Jumatatu, 8 Novemba 2021, Marekani iliwapokea wageni waliofika kwa ndege kutoka nchi yoyote, mradi wawe wamekamilisha chanjo ya UVIKO-19. Uingereza nayo iliiondoa Kenya katika orodha nyekundu tarehe 22 Septemba 2021, na kuanzia 11 Oktoba ikavitambua vyeti vya chanjo vilivyotolewa hapa nchini. Humu nchini, kafyu iliyodumu tangu Machi 2020 iliondolewa na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, katika sherehe za Mashujaa, 20 Oktoba 2021.

Habari hizo ziliwafanya wengi kukimbilia tiketi, hasa kwa kuwa nauli hupanda Krismasi inapokaribia. Hapo ndipo hasara ilipoanzia. Amri ya kutosafiri ilikuwa imeondoka, lakini mahali pake paliwekwa masharti, na kila sharti lilikuwa na tarehe yake. Aliyenunua tiketi kwanza alijifunga kwa siku ambayo huenda chanjo yake haingekuwa imekamilika, au cheti chake kingekuwa na jina lisilolingana na pasipoti. Shirika la ndege halikumpakia abiria wa namna hiyo, kwa sababu likimpakia lingelazimika kumrudisha kwa gharama yake lenyewe.

Kusafiri mbali si jambo geni katika kaunti ndogo ya Tetu. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, alikwenda kusoma Kansas mwaka 1960, wakati ambapo safari ya ndege ilikuwa hadithi tu kwa majirani zake. Leo ni vigumu kupata kijiji kisicho na mtoto au mjukuu Marekani, Uingereza, Kanada au nchi za Ghuba. Kwa miezi ishirini kufikia Novemba 2021 familia hizo zilikuwa zimeonana kwenye simu pekee, zikiwamo zile zilizofiwa.

Kuhesabu kurudi nyuma

Tuseme kulikuwa na nyanya wa Wamagana ambaye binti yake alikuwa amejifungua huko Marekani. Nyanya huyu alikuwa na viza ya matembezi ambayo haijaisha muda, na alitaka kuondoka uwanja wa JKIA Ijumaa, 17 Desemba 2021. Hesabu yake ilianza siku hiyo na kurudi nyuma.

Marekani ilimhesabu mtu kuwa amekamilisha chanjo siku 14 baada ya dozi ya mwisho. Kwa hiyo dozi ya mwisho ya nyanya haikuweza kupita Ijumaa, 3 Desemba. Kama angepata Johnson & Johnson, ambayo ilikuwa dozi moja, bado alikuwa na nafasi hadi siku hiyo. Moderna ilikuwa na dozi mbili zilizopishana siku 28, hivyo alipaswa kupata ya kwanza kufikia 5 Novemba. Na AstraZeneca, ambayo ndiyo iliyochanja Wakenya wengi wa mwanzo, iliachanishwa hadi wiki 12. Kwa mwachano huo dozi ya kwanza ilipaswa kuwa imeingia mkononi kufikia 10 Septemba. Aliyechanjwa AstraZeneca kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 2021 hakupaswa kupanga Krismasi nje ya nchi. Alipaswa kupanga mwezi wa Februari.

Chanjo ilikuwa bure katika vituo vya umma vilivyoitoa, na mkazi alipewa iliyokuwapo siku hiyo. Chanjo zote tano zilizotumika Kenya mwaka huo, yaani AstraZeneca, Moderna, Pfizer, Johnson & Johnson na Sinopharm, zilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, na Marekani iliikubali orodha hiyo. Ulaya mambo yalikuwa tofauti kidogo. Shehena ya kwanza ya AstraZeneca, dozi milioni 1.02 zilizofika Nairobi tarehe 3 Machi 2021, ilitengenezwa India kwa jina la Covishield. Baadhi ya nchi za Umoja wa Ulaya ziliikubali na nyingine hazikuikubali, kwa kuwa kila nchi ilijiamulia. Mwenye kadi ya chanjo ya Machi au Aprili alipaswa kuiangalia kadi hiyo, kisha kusoma masharti ya nchi aliyokuwa akienda na ya nchi ambayo angebadilishia ndege.

Watoto waliokuwa chini ya miaka 18 hawakudaiwa chanjo kuingia Marekani. Kipimo kilidaiwa kuanzia umri wa miaka miwili.

Jina moja, herufi zilezile

Kosa lililoweza kumkwamisha msafiri bila yeye kulijua lilikuwa la jina. Wengi walijisajili kwenye mfumo wa Chanjo wa Wizara ya Afya kwa nambari ya kitambulisho, na karani akaandika majina mawili pekee. Pasipoti ina matatu. Au kitambulisho kina Wanjiku na pasipoti ina Wanjiko. Kwa mtu anayekufahamu hapa kijijini hiyo ni tofauti ya herufi moja. Kwa ofisa wa uhamiaji ng'ambo, hao ni watu wawili.

Ilifaa kupakua cheti kabla ya kulipia chochote, na kukilinganisha na pasipoti herufi kwa herufi. Ilifaa pia kuangalia tarehe ya kuzaliwa na idadi ya dozi, maana kulikuwa na ambao dozi yao ya pili haikuingizwa kwenye mfumo. Aliyekuta kosa alipaswa kurudi kituo alikochanjwa akiwa na kadi ya chanjo, kitambulisho na pasipoti ili kumbukumbu irekebishwe. Hakupaswa kungoja wiki ya safari.

Wasiotumia kompyuta walikwenda saiba au waliomba mjukuu awasaidie. Hapakuwa na ubaya, lakini nambari ya simu na barua pepe zilizowekwa kwenye mfumo zilipaswa kuwa za msafiri mwenyewe. Kwa aliyetumia za mhudumu wa saiba, ujumbe wa uthibitisho uliingia kwenye simu ya mhudumu huyo, na siku ambayo ungehitajika huenda mhudumu ameshahama.

Kipimo: saa na siku

Kipimo cha korona ndicho kilichokuwa na muda mfupi kuliko vyote, na kila nchi ilikuwa na namna yake ya kuhesabu. Mnamo Novemba 2021 Marekani ilitaka kipimo kisichozidi siku tatu kabla ya ndege kuondoka, ikihesabu siku nzima wala si saa 72. Kwa sharti hilo la Novemba, nyanya wetu wa kuondoka Ijumaa angeweza kupimwa saa yoyote kuanzia Jumanne, 14 Desemba. Kama angepimwa Jumatatu jioni, angekuwa ameharibu pesa. Nchi nyingine zilihesabu saa 72 kamili tangu sampuli ilipochukuliwa, na nyingine chini ya hapo.

Aliyetoka Wamagana alipaswa kuongeza hesabu ya barabara. Hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 150, na majibu ya PCR hayatoki papo hapo. Kabla ya kulipa, ilifaa kuiuliza maabara maswali mawili: majibu yatatoka baada ya muda gani, na je, maabara hiyo imeunganishwa na mfumo wa Trusted Travel? Swali la pili lilikuwa zito. Cheti cha PCR cha msafiri aliyetoka Kenya kilipitishwa kwenye mfumo huo ulioendeshwa na Umoja wa Afrika, naye alipewa msimbo ulioanza na herufi TT. Msimbo huo ndio uliokaguliwa uwanja wa ndege. Karatasi iliyopigwa muhuri mzuri lakini isiyo na msimbo haikumfikisha mtu mbali.

Kwa sababu hiyo pia, cheti cha bandia kilikuwa pesa zilizotupwa. Walikuwapo waliowaambia wasafiri kwamba wangeweza "kupanga" kipimo au chanjo bila sindano wala pamba ya puani. Mfumo ulipokosa kumbukumbu ya msafiri, ni yeye aliyebaki kwenye kaunta na mizigo yake, tena akiwa na kesi ya kujibu. Aliyemuuzia hakuwapo.

Jambo lingine lililosahaulika lilikuwa ndege ya kuunganisha. Mtu alipata nauli nafuu hadi Doha au Amsterdam, kisha alinunua tiketi ya pili ya kumfikisha Marekani. Sheria ya siku tatu ilihesabiwa kuanzia ndege ya kwanza iwapo safari yote ilikuwa katika tiketi moja na hapakuwa na kituo cha kusubiri kilichozidi saa 24. Kwa aliyegawanya tiketi, hesabu ilianza upya katikati ya safari na huenda akalazimika kupimwa tena ugenini. Nafuu ya nauli iliishia hapo.

Wanaokwenda Uingereza

Wanafunzi na wazazi wao wanakumbuka mwezi wa Aprili. Kenya iliingizwa katika orodha nyekundu tarehe 9 Aprili 2021, na kuanzia hapo ni raia wa Uingereza au Ireland na wakazi wa Uingereza pekee walioruhusiwa kuingia kutoka Kenya, tena kwa kukaa karantini hotelini kwa gharama yao. Kufikia Agosti gharama hiyo ilikuwa imepanda hadi pauni 2,285 kwa mtu mzima mmoja. Kenya ilijibu kwa hatua zake, na safari za ndege kati ya nchi hizo mbili zikasitishwa kwa wiki kadhaa.

Kufikia Novemba 2021 hoteli ilikuwa imeondoka. Aliyekamilisha chanjo iliyotambuliwa, na siku 14 zikapita, hakuhitaji kupimwa kabla ya kuondoka wala kujitenga akifika. Alichohitaji kilikuwa kujaza fomu ya abiria ndani ya saa 48 kabla ya kufika, na kuwa amelipia mapema kipimo cha siku ya pili. Ambaye hakuwa amechanjwa bado aliweza kusafiri, lakini alipaswa kupimwa kabla ya kuondoka, kujitenga siku 10 mahali alipofikia, na kulipia vipimo viwili akiwa huko. Kwa mwanafunzi aliyekuwa akianza muhula, siku 10 za kukaa chumbani zilikuwa hasara ambayo sindano ya bure ingeizuia.

Pasipoti

Pasipoti za zamani, zile za rangi ya samawati iliyoiva, zilikuwa zimetangazwa kufikia mwisho wa matumizi tarehe 31 Desemba 2021, hata kama tarehe iliyoandikwa ndani ilikuwa haijafika. Aliyekusudia kuondoka Desemba na kurudi Januari kwa pasipoti hiyo alipaswa kujiuliza angerudije. Maombi ya ile ya kielektroniki hufanywa kwenye eCitizen, na mwaka 2021 yenye kurasa 34 ililipiwa Sh4,550. Alama za vidole na picha huchukuliwa ana kwa ana. Kwa wakazi wa Nyeri, ofisi zilizokuwa karibu mwaka huo zilikuwa Embu na Nyayo House, Nairobi. Wasiojua kutumia eCitizen wanaweza kuelekezwa katika Huduma Centre mjini Nyeri. Wazee ambao hawajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa waanze na hicho, maana bila hicho ombi halisogei.

Nchi nyingi pia hutaka pasipoti iwe na miezi sita iliyobaki. Nayo kadi ya manjano ya homa ya manjano haijafutwa na korona: bado inadaiwa katika nchi kadhaa, na sindano yake ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Aliyechomwa miaka iliyopita atafute kadi yake, kwani siku hizi inahesabiwa kuwa ya maisha.

Kufunguka kwa anga kuliwaamsha pia mawakala wa kazi za Ghuba. Kabla ya kutoa pasipoti yako kwa wakala yeyote, thibitisha kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usome mkataba wako ukiwa bado nyumbani. Wakala anayesema mkataba utaupata ukifika huko anakuficha jambo.

Masharti ya safari yanaweza kugeuka bila taarifa ndefu. Kenya ilipofungua anga yake tarehe 1 Agosti 2020, Tanzania haikuwamo katika orodha ya kwanza ya nchi zilizoruhusiwa, nayo ikaizuia Kenya Airways kutua kuanzia siku hiyohiyo. Mzozo ulimalizika Septemba, lakini waliokuwa na tiketi walikuwa wameshakwama. Ndiyo maana ni afadhali kulipa zaidi kidogo kwa tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe, na kuyasoma masharti upya kwenye tovuti ya ubalozi na ya shirika la ndege wiki moja kabla ya safari, kisha tena siku moja kabla.

Kurudi nyumbani

Kenya nayo ilikuwa na masharti yake mwaka 2021, na yaliwahusu wenyeji sawa na wageni. Aliyeingia nchini alilazimika kuwa na cheti cha PCR cha kipimo kilichofanywa ndani ya saa 96 kabla ya kusafiri, hata kama alikuwa amechanjwa, na kuwa amejaza fomu ya afya ya Wizara ya Afya kwenye mtandao na kupata msimbo wa QR. Nyanya alipaswa kutafuta mapema, kwa msaada wa binti yake, mahali ambapo angepimiwa huko Marekani kabla ya kurudi, na kuiweka gharama hiyo kwenye bajeti. Jamaa waliotarajiwa Tetu kwa ajili ya Krismasi walipaswa kuelezwa jambo hili mapema, kabla hawajafunga mizigo.