Sigara Iliyorudi kwa Mlango wa Nyuma: Mwenzi Anayevuta kwa Siri Migori na Homa Bay

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, mume aliyetangaza mbele ya mkewe, na mara nyingi mbele ya kanisa zima, kwamba ameachana na sigara, kisha akairudia bila kumwambia mtu, huiingiza nyumba yake katika matatizo mawili yanayofanana kwa nje lakini yenye mizizi tofauti, la kwanza likiwa la mwili uliozoea tumbaku na la pili likiwa la ahadi iliyovunjwa. Mke anayegundua jambo hilo kwa kawaida huliona la pili kabla ya la kwanza, na ana haki ya kuliona hivyo, kwa kuwa ni yeye aliyedanganywa. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba matatizo hayo hayawezi kutatuliwa yakichanganywa, na kwamba kazi kubwa ya mwenzi si kumfumania mvutaji bali ni kufupisha muda kati ya kuteleza kwake na kusema kwake, kwa sababu uraibu hupata nguvu ndani ya muda huo wa kimya.

Utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku miongoni mwa watu wazima uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 15.1 ya wanaume walikuwa wakivuta, ilhali wanawake waliovuta walikuwa asilimia 0.8 tu. Maana yake kwa nyumba ya kawaida ni kwamba anayevuta karibu kila mara ni mume, na anayeishi na moshi bila kuuvuta kwa hiari ni mke.

Nikotini, yaani kemikali iliyomo katika jani la tumbaku na ambayo ndiyo inayomfunga mtumiaji, hufika kwenye ubongo kwa sekunde kati ya 10 na 20 baada ya moshi kuvutwa, ikauamsha utoe kemikali nyingine za raha, kisha ikaanza kupungua upesi kiasi kwamba baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha kutoka katika damu. Kupungua huko ndiko kunakoleta arosto, yaani ile hali ya kukasirika ovyo, kukosa usingizi, kushindwa kutuliza fikra na kuwa na njaa isiyoisha, ambayo huwa kali zaidi katika siku za mwanzo na kulegea katika wiki mbili hadi nne. Anayeacha bila msaada wowote, wa dawa au wa ushauri, anapambana na hali hiyo peke yake, na tafiti zilizowafuata watu wa namna hiyo zimeonyesha kuwa kati ya kila 100 ni watatu hadi watano tu wanaofikisha miezi sita au mwaka bila kuvuta tena, huku wengi wakianguka katika siku nane za kwanza. Kwa hiyo kurudia sigara, ingawa kunauma, hakupaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba mume hampendi mkewe au kwamba ahadi yake ilikuwa ya uongo tangu mwanzo; wengi huapa kwa moyo mweupe na kuanguka kabla ya wiki kwisha.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, ambaye kitabu alichokihariri pamoja na Judith Gordon kuhusu kuzuia kurudia uraibu kilitoka mwaka 1985, alitenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyaona kuwa kitu kimoja. La kwanza ni kuteleza, yaani kuvuta sigara moja au mbili baada ya kuacha. La pili ni kurudi kabisa katika mazoea ya zamani. Alieleza kwamba kinachomvusha mtu kutoka la kwanza hadi la pili mara nyingi ni namna anavyoichukulia ile sigara moja, kwani akijiona ameharibu kila kitu, kwamba yeye ni mtu dhaifu asiyefaa, aibu hiyo yenyewe humsukuma atafute kitu cha kuituliza, na kitu anachokijua kuliko vyote ni sigara. Siri huichochea aibu hiyo, kwa maana anayeficha hana wa kumwambia kwamba alichofanya jana kinaweza kukomea jana.

Katika Nyanza Kusini, yaani eneo la kaunti hizi mbili, aibu hiyo ina chimbuko la ziada ambalo haliwezi kupuuzwa. Kanisa la Waadventista Wasabato lilianza kazi yake katika magharibi ya Kenya mwaka 1906 pale Gendia, karibu na Kendu Bay, chini ya Arthur Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na tangu hapo limeenea katika vijiji vya Homa Bay na Migori hadi kuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Anayebatizwa katika kanisa hilo huahidi kuacha tumbaku pamoja na pombe, hivyo mume aliyebatizwa akarudia sigara hamfichi mkewe peke yake. Anamficha mzee wa kanisa, wanakwaya wenzake na pengine mama yake mzazi. Mke naye, akijua, hujikuta akibeba siri isiyokuwa yake, akihofia kwamba akisema mumewe ataondolewa katika ushirika, na asiposema atakuwa ameshiriki uongo. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu kanisa hilohilo ni miongoni mwa waanzilishi wa msaada wa kuacha sigara duniani: Mpango wa Siku Tano wa kuacha kuvuta, ulioandaliwa karibu na mwaka 1960 na daktari Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg, ulifundishwa katika nchi nyingi, na msingi wake ulikuwa kuwakusanya wavutaji pamoja jioni tano mfululizo ili kila mmoja aone kwamba hayuko peke yake. Mchungaji anayeukumbuka urithi huo atakuwa wa msaada mkubwa kuliko anayekumbuka orodha ya makosa tu.

Kuhusu namna ya kujua, mke wa Migori yumo katika hali ngumu kuliko mke wa mji usiolima tumbaku. Katika sehemu za Kuria, Uriri na Suna, ambako tumbaku imelimwa kwa mkataba na makampuni ya sigara kwa miongo kadhaa, jani lenyewe limo nyumbani: linachumwa bichi, linafungwa kwenye fito, linatundikwa katika banda na kukaushwa kwa moto wa kuni usiku na mchana, na wakati huo shati la mume, blanketi na hata nywele za watoto hunuka tumbaku bila mtu yeyote kuvuta. Nikotini hupenya hata kwenye ngozi ya anayeshika majani yenye umande, ikamletea kizunguzungu na kutapika, ugonjwa unaojulikana kwa wakulima wa tumbaku kote duniani, na kwa sababu hiyo hata kipimo cha mkojo hakiwezi kumhukumu mtu aliyeshinda shambani. Zaidi ya hayo, pakiti haionekani mfukoni. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza sigara kuuzwa mojamoja, lakini vibandani huuzwa hivyo, na kiberiti cha gesi hufungwa kwa uzi kando ya dirisha la kibanda ili mnunuzi awashe, avute na kuondoka mikono mitupu. Kinachobaki ni alama ndogondogo: ncha ya kidole cha shahada na cha kati iliyogeuka manjano, peremende inayotafunwa kila akivuka kizingiti, au mume ambaye siku hizi hujitolea kwenda kununua maziwa usiku.

Alama hizo zinatosha kumfanya mke aulize, lakini hazitoshi kumfanya ahukumu, na upelelezi unaozidi hapo huiharibu nyumba kuliko moshi. Mtoto anayetumwa kumfuata baba yake hadi kwa kibanda hufundishwa kuwa shahidi dhidi ya mzazi wake, na jambo likifikishwa kwa mama mkwe au kwa shemeji kabla wenyewe hawajazungumza, mume hugeuka kuitetea heshima yake, na sigara inasahauliwa.

Sheldon Cohen na Edward Lichtenstein, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 1990 uchunguzi uliowauliza watu waliokuwa wakiacha sigara kuhusu matendo ya wenzi wao, wakayagawa kuwa ya kutia moyo, kama vile kumpongeza na kumsaidia kupata la kufanya hamu inapomjia, na ya kuvunja moyo, kama vile kumsuta, kumsimanga na kutilia shaka uwezo wake. Waligundua kuwa waliofaulu hawakuwa wale ambao wenzi wao hawakulalamika kamwe, bali wale ambao ya kutia moyo yalizidi ya kuvunja moyo. Ni lazima pia isemwe kwa uaminifu kwamba majaribio ya baadaye ya kuwafundisha wenzi namna ya kusaidia hayakuthibitisha kwamba mafunzo hayo peke yake huongeza idadi ya wanaoacha, na hivyo mke ambaye mumewe ameendelea kuvuta asikubali kubebeshwa lawama kwamba hakumsaidia vya kutosha.

Maneno yenyewe ya kumwuliza mume yanafaa yawe machache, yasemwe faraghani wakati hamu haijamshika, na yasiwe mtego wa kumtaka akane kwanza ili aumbuliwe baadaye. Mke anaweza kusema, “Baba Akinyi, najua umeanza kuvuta tena. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba ulinificha. Sikuulizi umevuta ngapi. Nauliza ilianza lini na ulikuwa unapitia nini.” Swali la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu jibu lake huonyesha mahali pa kuziba: pengine ni usiku wa ziwani kati ya Mbita na Mfangano, mvuvi wa omena akipambana na baridi na usingizi kando ya taa, pengine ni shimo la dhahabu huko Macalder, au deni la karo. Baada ya hapo mke ana haki ya kuweka mipaka isiyojadiliwa, kwamba hakuna kuvuta ndani ya nyumba wala karibu na watoto, kwamba pesa za chakula haziguswi, na kwamba mume akiteleza atasema siku hiyohiyo, naye akisema hatapigiwa kelele. Ahadi hiyo ya kutopiga kelele ni ngumu kwa mke kuitimiza, lakini ile ya mume ya kusema haiwezi kudumu bila hiyo. Palipo na mume anayejibu kwa kupiga, mazungumzo haya yasifanywe bila mtu mwingine wa kumlinda mwanamke.

Mipaka hiyo si ukali wa bure. Mwaka 1981 daktari wa Japani, Takeshi Hirayama, alitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake walioolewa 91,540 ambao wenyewe hawakuvuta, akaonyesha kwamba wake wa wavutaji wakubwa walikufa kwa kansa ya mapafu kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wake wa wasiovuta. Katika kaunti hizi mbili kuna hatari iliyo karibu kuliko kansa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 wa Migori wakiishi na virusi vya Ukimwi, hali inayofungua njia kwa kifua kikuu, na kuvuta sigara peke yake huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu kwa zaidi ya mara mbili. Mume anayeishi na virusi hivyo na kumeza dawa zake kila jioni kwa uaminifu huku akivuta kwa siri anaubomoa kwa mkono mmoja mwili anaoujenga kwa mwingine, na anayepaswa kujua hilo kabla ya wote ni muuguzi wa kliniki anayoihudhuria tayari. Huko anaweza kulisema bila kanisa wala kijiji kusikia.

Msaada wa dawa upo, ingawa haujaenea kama inavyostahili. Chingamu na bandiko la ngozi vyenye nikotini, ambavyo humpa mtumiaji kiasi kidogo bila moshi ili arosto imlegee, vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, ina namba ya simu isiyolipiwa, 1192, ambayo mume au mke anaweza kupiga. Dawa hizo zisidhaniwe kuwa sawa na vile vifuko vyeupe vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, vilivyoingia Kenya mwaka 2019 kwa jina la Lyft na baadaye kuuzwa kwa jina la Velo, kwa kuwa havitoi moshi wala harufu na hivyo huufanya uraibu uwe rahisi zaidi kufichwa.

Yote haya yanamhusu pia mke anayeficha, kwani utafiti ule wa 2014 ulikuta asilimia 3.8 ya wanawake wakitumia tumbaku isiyovutwa, kama vile ugoro, na aibu inayomkabili mwanamke, hasa akiwa mjamzito, ni kali kuliko ya mumewe.

Jambo linalosahaulika zaidi ni tarehe ya kuacha. Wanandoa wanaoanza upya huchagua mwaka mpya au siku ya ubatizo, ilhali wiki ya kwanza ndiyo yenye arosto kali na inapaswa kuangukia wakati ambapo vishawishi vimepungua. Kwa mkulima wa tumbaku wakati huo haumo katika majuma ya kukausha, anapokesha bandani kuchochea moto, ingawa mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku ulioanzishwa Migori mwaka 2022 na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, unaowawezesha wakulima kulima maharagwe yenye madini mengi ya chuma, umewapa baadhi yao nafasi ya kuliondoa jani lenyewe nyumbani. Kwa mvuvi wa omena, ambaye hufanya kazi katika usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, siku ya kuacha inafaa iwe mwanzoni mwa mbalamwezi, anapolala kwake, ili chombo kitakaporudi majini siku zilizo ngumu kuliko zote ziwe zimepita na mkewe awe amezishuhudia.