Kidonge cha Kufunga Tumbo si cha Mtoto

Kutoka mji wa Pate hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni safari ya mashua, na mashua nayo hungoja maji yajae. Mama aliyempakata mtoto anayehara huona heri ampe kidonge cha kufunga tumbo, kile cha loperamaidi, asijichafue njiani. Asithubutu!

Kidonge hicho hakiui viini vya ugonjwa. Hupunguza mwendo wa utumbo tu. Choo hukoma, mzazi akadhani mtoto amepona, kumbe maji yanazidi kujikusanya tumboni. Utumbo wa mtoto mdogo waweza hata kusimama kabisa. Wa chini ya miaka 2 hapewi kamwe, na wa chini ya miaka 12 ni kwa amri ya daktari. Mtu mzima naye asikimeze akiwa na homa kali au choo chenye damu.

Kinachoua ni kukaukiwa maji mwilini. Mnyweshe maji ya pakiti ya ORS. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji, hata yawe ya mvua kutoka jabia, uyachemshe yapoe, utie vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visivyo na kilima. Chumvi isizidi! Madafu ni matamu, lakini chumvi yake haitoshi.

Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uanze tena polepole. Aendelee kunyonya. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki, vya siku 10 hadi 14.

Macho yakididimia, au akilegea asiweze kunywa, itafutwe mashua mara moja.