Matone 20,000 Kutoka Sampuli Moja: Jinsi Kipimo cha Vinasaba Kinavyofanya Kazi

Sampuli ya maabara yenye ujazo wa maikrolita 20, ambao haufikii hata nusu ya tone la maji linalodondoka bombani, huweza kugawanywa kuwa matone yapatayo 20,000 yenye ukubwa unaolingana.

Kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo cha plastiki chenye mifereji myembamba mfano wa unywele. Sampuli hupita katika mfereji wa kati, na mafuta huingia kutoka pande mbili. Kwa kuwa maji na mafuta hayachanganyiki, mafuta huubana mkondo wa sampuli hadi ukakatika, tone baada ya tone. Katika nafasi finyu kiasi hicho mkondo hautibuki, hivyo kila tone hukatwa sawa na lililotangulia. Mbinu ya kukata matone kwenye makutano ya mifereji ilielezwa mwaka 2001 na watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani.

Ulinganifu huo ndio kiini cha kipimo. Vinasaba vinavyotafutwa huzidishwa ndani ya matone, kisha mashine huhesabu matone yanayong'aa na yasiyong'aa; kutokana na hesabu hiyo hupatikana kiasi cha virusi, au cha vinasaba vya saratani vilivyosalia katika damu baada ya matibabu. Matone yakitofautiana ukubwa, hesabu hupotoka, na mgonjwa huweza kuambiwa amepata nafuu ilhali ugonjwa uko palepale.

Chembe moja ya vumbi hutosha kuuziba mfereji. Kipande hicho kidogo hutumika mara moja tu na kutupwa.