Mshale wa Joto Ukishuka Ghafla, Usishangilie

Ndugu wasikilizaji, juma hili nazungumzia kitu kidogo kilicho mbele ya dereva, ambacho sisi wenye magari ya zamani tumekizoea hata hatukitazami tena. Nacho ni geji ya joto.

Miaka ya nyuma, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, kabla Mkoa wa Katavi haujaanzishwa mwaka 2012, nilipanda Landrover kuukuu kwenda Sumbawanga. Tulipokaribia Sitalike, yapata kilomita 35 kutoka Mpanda mjini, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu. Dereva akasema, "Msiwe na wasiwasi, geji hii mwongo." Punde mshale ukaporomoka hadi upande wa baridi. Abiria tukashangilia. Mzee mmoja, fundi, aliyebanana na mizigo nyuma, akasema, "Simamisha gari, mwanangu. Huko si kupoa."

Mbele yetu ilikuwa Hifadhi ya Katavi. Gari likizimika humo hushuki ovyo kutafuta maji. Kuna simba na nyati, na mtoni viboko wamejaa. Swali la kama mshale unasema kweli lilipaswa kujibiwa pale pale Sitalike.

Mzee alilijibu hivi. Kwenye kichwa cha injini kuna sensa, chombo kidogo kinachokaa ndani ya maji. Maji yakipata joto, sensa hupitisha umeme zaidi na mshale hupanda. Basi washa swichi bila kupiga stata, kisha chomoa waya wa sensa. Mshale sharti ulale upande wa baridi. Ukibaki juu, ama waya umechubuka na unagusa bodi, ama geji yenyewe ni mbovu. Halafu gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma kitupu cha injini. Mshale sharti upande, na ukishapanda utoe waya upesi usije ukaunguza geji. Usipopanda, tafuta kosa kwenye waya, fyuzi au geji.

Mshale ukitii mara zote mbili, geji na waya ni vizima. Wa kushukiwa ni sensa, au injini inachemka kweli.

Kwa wenye Landrover Series III, zile zilizotengenezwa mwaka 1971 hadi 1985, kuna jambo moja zaidi. Geji ya mafuta na ya joto hupata umeme kupitia kifaa kimoja kinachoupunguza hadi kiasi cha volti 10. Mishale yote miwili ikizidisha kwa pamoja, usiguse injini. Kagua kwanza kifaa hicho na ethi yake.

Mshale wetu ulitii mara zote mbili. Tukasubiri injini ipoe, maana mfuniko wa rejeta ya moto huunguza uso wa mtu. Mzee alipoufungua, maji hayakuwamo. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka kwa chini. Maji yaliposhuka, sensa ilibaki hewani ikasoma baridi, huku chuma kikizidi kuungua. Tungeendelea, gasketi ya silinda hedi ingeungua na hedi yenyewe kupinda, nasi tungelala porini.

Dereva akainamisha kichwa: "Nisamehe, mzee wangu." Mpira ukafungwa kwa vipande vya tyubu, tukajaza maji, tukaondoka polepole.

Ndugu wasikilizaji, wako pia wanaokosea kwa upande wa pili. Mshale ukigusa nyekundu tu, hedi inafunguliwa, fedha zinakwenda, na mwisho inagundulika kwamba kosa lilikuwa waya uliochubuka. Ukiishuku sensa, ichomoe injini ikiwa baridi, uitie kwenye sufuria ya maji yanayochemka huku ukiipima kwa mita ya umeme. Ukinzani wake usipopungua, imekufa. Kumbukeni kwamba Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100.

Geji ni shahidi. Shahidi hakubaliwi wala hakataliwi kabla ya kuhojiwa, na kumhoji huyu ni kazi ya dakika chache kwa waya mmoja. Asiyefanya hivyo atalipa kwa injini, na safarini hulipa pamoja na abiria wake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.