Motokaa Ndogo Ichemkapo: Jinsi ya Kuutafuta Ugonjwa Wake

Mtu atokaye Bonde la Kerio kwenda Eldoret hana budi kuupanda ukuta wa Elgeyo. Barabara huanza kupanda kule chini, hupita Tambach kwa kona nyingi, wala haipumziki mpaka Iten, mahali palipoinuka kadiri ya mita 2,400 juu ya bahari. Tangu bondeni hata juu ni kupanda kwa zaidi ya mita 1,000. Katika mpando wa namna hiyo motokaa ndogo kuukuu huonekana imesimama kando, boneti imefunguliwa, mvuke unafuka, na abiria wameketi majanini pamoja na magunia yao.

Jambo hili si dogo. Kwa jamaa nyingi motokaa ya namna hiyo ndiyo mali kubwa waliyo nayo baada ya shamba. Ndiyo ipelekayo maziwa na mahindi sokoni, na ndiyo imchukuayo mgonjwa hospitali usiku. Injini iliyochemka ikazimwa mapema, mara nyingi haipati madhara makubwa. Lakini ile iliyolazimishwa kwenda maili chache zaidi huweza kuharibika hata gharama ya kuitengeneza ikakaribia bei ya motokaa yenyewe. Kwa hiyo yafaa kila mwenye motokaa ajue kuutafuta ugonjwa huu kwa utaratibu, akianza na mambo yasiyo na gharama.

KAZI YA MAJI

Petroli inapowaka ndani ya injini, sehemu tu ya nguvu yake huzungusha magurudumu. Sehemu kubwa iliyobaki huwa joto, na joto hilo sharti liondolewe. Pampu husukuma maji yazunguke silinda. Maji yakisha kupata moto hupita katika mlango mdogo uitwao themostati, huingia katika rejeta, na huko upepo huyapoza kabla hayajarudi tena. Basi motokaa ikichemka, ama maji ni machache, ama hayazunguki, ama upepo haupiti, ama injini inatoa joto lisilo la kawaida. Magonjwa mengi ya kuchemka yamo katika mambo haya manne.

Nchi ya juu huongeza taabu. Mjini Mombasa maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye digrii 100 za Sentigredi. Eldoret, iliyo kadiri ya mita 2,100 juu ya bahari, huchemka kwenye digrii 93 hivi, na kule Timboroa, palipopita mita 2,700, kwenye digrii 91 hivi. Mfuniko wa rejeta umewekewa springi ili kuzuia jambo hili: huyafungia maji ndani kwa nguvu, nayo hata yakifika digrii 110 hayachemki. Lakini springi ikilegea, au mpira wake ukipasuka, rejeta huwa kama sufuria iliyo wazi. Ndiyo sababu motokaa iliyokwenda salama pwani huweza kuchemka ifikapo nyanda za juu, na dawa yake ikawa mfuniko mpya tu.

INACHEMKA WAKATI GANI?

Swali la kwanza ambalo fundi mwema huuliza ni hili: inachemka wakati gani? Jibu lake huonyesha njia.

Ikiwa inachemka isimamapo katika msongamano wa mjini, kisha hupoa ikienda mbio, feni ndiyo ya kushukiwa. Motokaa ikienda, upepo wa njiani huipoza rejeta. Ikisimama, hutegemea feni peke yake. Katika motokaa nyingi ndogo, kama Toyota Starlet, feni huzungushwa kwa umeme. Injini iachwe inguruma mahali pamoja mpaka ipate moto sana. Feni haina budi kuanza yenyewe. Isipoanza, itazamwe fyuzi, kisha feni iungwe moja kwa moja na betri. Ikizunguka, feni ni nzima, na ubovu uko katika swichi au nyaya. Isipozunguka, feni yenyewe imekufa. Katika motokaa za zamani zaidi feni huvutwa kwa mkanda. Injini ikiwa imezimwa, mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba katikati. Ukilegea zaidi ya sentimita moja hivi, au ukiwa na nyufa, hapo pana kosa.

Ikiwa inachemka mlimani na katika safari ndefu, lakini si mjini, yamkini rejeta haipitishi maji au upepo vya kutosha. Kwa nje, matundu yake huzibwa na vumbi, majani na wadudu. Yaoshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kwa ndani huzibwa na kutu na ukoko, hasa kwa wale wanaojaza maji ya mtoni kila siku. Rejeta iliyo moto juu na baridi mahali fulani imeziba mahali hapo. Maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta huzuia kutu.

Ikiwa inachemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, na mpira wa juu wa rejeta una moto hali ule wa chini ni baridi, huenda themostati imekwama, au pampu haisukumi. Themostati hupimwa kwa urahisi: hufunguliwa, hufungwa kwa uzi, hutumbukizwa katika sufuria ya maji juu ya jiko. Nyingi zimefanywa zianze kufunguka kati ya digrii 82 na 88. Kwa kuwa maji ya Eldoret huchemka kwenye digrii 93, themostati isiyoanza kufunguka hata maji yametokota ni ya kutupwa.

Wako mafundi ambao huitoa themostati wasirudishe nyingine. Huo si uganga. Katika asubuhi za baridi za Uasin Gishu injini hukawia kupata moto, hula petroli zaidi, na oili huchafuka upesi. Tena ugonjwa wa kweli hubaki umefichwa.

MAJI YANAPUNGUA LAKINI HAYAVUJI

Maji yakipungua, kwanza itafutwe alama ya kuvuja penye mipira, pampu, rejeta na hita. Kama kote ni kukavu, gasketi ya hedi ndiyo ya kuogopwa. Dalili zake ni hizi: mapovu hutoka rejeta bila kukoma injini inapowashwa ikiwa baridi, moshi mweupe wa mvuke hautoki asubuhi tu bali mchana kutwa, na oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Dalili hizi zikipatana, motokaa isiendeshwe tena mpaka hedi ifunguliwe na kupimwa kama imepinda. Hedi nyingi ni za aluminiamu, nayo hupanuka kwa joto kuliko chuma. Kwa sababu hiyo hupinda upesi injini ikichemka.

NJIANI

Sindano ya joto ikipanda, dereva asitumaini kufika kilele. Asimame mahali salama, azime injini. Wala asifurahi akiiona sindano imeshuka ghafula hali mvuke unatoka: maji yakiisha, kipimo hubaki hewani na huweza kudanganya.

Mfuniko wa rejeta usiguswe wakati injini ina moto. Maji yaliyofungiwa kwa nguvu hulipuka mara tu yafunguliwapo, na watu wameungua uso na macho kwa haraka hiyo. Ingojewe nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza. Kisha mfuniko ufunikwe kwa kitambaa kinene na kuzungushwa polepole. Maji ya baridi yasimwagwe juu ya injini yenye moto wala ndani yake, kwa maana chuma kinachopozwa ghafula hupasuka. Yatiwe kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa.

Kutazama maji na oili kila asubuhi, kabla ya kuwasha, ni kazi ya dakika mbili. Mfuniko, mkanda na themostati ni vitu vya bei ndogo. Hedi iliyopinda si ya bei ndogo. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta, na mwenye motokaa apandaye Tambach na gunia zake za mahindi yampasa kuuona ufa huo mapema, akiwa bado nyumbani.