Kinda si Kifaranga: Istilahi za Ufugaji wa Njiwa katika Matini za Ugani

1.0 Utangulizi

Mafunzo ya ufugaji wa ndege kwa Kiswahili yamejengwa juu ya kuku. Msamiati wa kuku umekomaa, umezoeleka, na afisa ugani huutumia bila kufikiri. Njiwa anapoingizwa katika mafunzo hayo, ni rahisi avishwe maneno ya kuku, ilhali maumbile na malezi yake ni mengine kabisa. Makala haya yanaeleza ni wapi mkopo huo wa maneno humgharimu mfugaji, na ni istilahi zipi, nyingi zikiwa zimo tayari katika lugha, zinazoweza kurekebisha hali hiyo. Suala lenyewe limeongezeka uzito. Matini iliyoandikwa Tanzania au Kenya huweza kutumiwa Rwanda, ambako Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, au Uganda, ambako Baraza la Mawaziri liliidhinisha hadhi hiyo Julai 2022. Msomaji aliyejifunza Kiswahili shuleni hulichukua neno kama lilivyoandikwa. Hana mazoea ya utotoni ya kumwonya kwamba limewekwa mahali pasipolo.

2.0 Kinda, gole na ute

Kifaranga hutoka katika yai macho yakiwa wazi, na baada ya saa chache hutembea na kudonoa. Mtoto wa njiwa huanguliwa akiwa kipofu, karibu uchi, asiyeweza kusimama. Kiswahili kina neno la mtoto wa ndege wa hali hiyo: kinda. Si neno la kuundwa na kamati. Biblia ya tafsiri ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952, huwaita watoto wa njiwa makinda, na wasomaji wake hawakuhitaji maelezo.

Tofauti hii si ya urembo wa lugha. Kwa kawaida njiwa jike hutaga mayai mawili, nayo huatamiwa na wazazi wote wawili kwa siku 17 au 18. Dume hushika zamu ya mchana. Jike hushika jioni, usiku na asubuhi. Makinda wakishaanguliwa, wazazi wote wawili huwalisha ute mzito unaotoka katika kuta za gole, yaani ule mfuko wa shingoni unaohifadhi chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi. Katika siku za mwanzo kinda hana chakula kingine. Nafaka iliyolainishwa huongezwa kidogo kidogo, mpaka ute unakoma, na kinda huondoka kiotani akiwa na umri wa wiki nne hadi tano.

Sasa matini inayosema “vifaranga wa njiwa” humwelekeza mfugaji wapi? Humwelekeza kwenye mazoea ya kuku: kuwatenga watoto na wazazi, kuwawashia taa ya joto na kuwawekea sahani ya chakula cha vifaranga. Kinda hawezi kuifikia sahani hiyo, hivyo hufa njaa kando yake. Neno “jogoo” nalo, likihamishiwa kwa njiwa, huja na hesabu yake ya jogoo mmoja kwa mitetea kumi, na mfugaji huwauza madume anaowaona wamezidi. Njiwa huishi jozi kwa jozi. Kumwondoa dume ni kupunguza nusu ya malezi, na bandani ambamo majike wamezidi huzaliwa mayai mengi yasiyo na mbegu. Istilahi sahihi hapa ni jozi, na idadi ya njiwa wazazi ingefaa ihesabiwe kwa jozi.

Istilahi “maziwa ya njiwa” inahitaji tahadhari zaidi. Imetafsiriwa neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya, na kwa msomaji wa kawaida maziwa ni ya ng'ombe au mbuzi. Ute huo una protini na mafuta kwa wingi, lakini hauna sukari ya maziwa. Mfugaji mwenye kinda yatima akiambiwa anahitaji “maziwa”, atakwenda kwa muuza maziwa. “Ute wa gole” ni istilahi fupi, ya kweli, isiyompeleka dukani.

3.0 Chakula na maji

Katika ulishaji tofauti ni chache. Pumba na vyakula vya unga havimfai njiwa vyema; yeye humeza punje nzima: mtama, uwele, ngano, mahindi yaliyoparazwa, pamoja na kunde au choroko kwa ajili ya protini. Kwa kuwa hamenyi wala hatafuni, sharti apate changarawe za kusagia ndani ya firigisi. Kitenzi “kunywa” chenyewe huficha jambo. Kuku huchota maji kisha huinua kichwa ili yashuke. Njiwa huzamisha mdomo na kuyafyonza mfululizo. Chombo chenye maji ya kina kifupi mno, kinachomtosha kifaranga, humsumbua njiwa.

4.0 Aina: neno moja, mambo mawili

Tatizo gumu zaidi liko katika neno “aina”. Hua, tetere, pugi na ninga ni aina za njiwa. King na Homer nao huitwa aina za njiwa. Wale wa kwanza ni spishi za porini, na kuwakamata ni suala la mamlaka za wanyamapori. Hawa wa pili ni matokeo ya uteuzi wa wafugaji ndani ya spishi moja, Columba livia, ambayo Kiswahili huiita njiwa manga. Manga ni Uarabuni, hususan Omani, kama katika pilipili manga. Jina hilo linaashiria ndege aliyehesabiwa kuwa mgeni wa baharini. Charles Darwin alifuga njiwa mwenyewe, na katika kitabu chake cha mwaka 1859 aliwatumia kuonyesha jinsi maumbo yaliyoachana sana yanavyoweza kutoka kwa babu mmoja. Mshauri wa sera anayeomba takwimu za “aina za njiwa” huweza kuletewa orodha inayochanganya yote mawili. Kutenga “spishi” na “kosaafu”, neno ambalo nyaraka za mifugo za Tanzania tayari zinalitumia, kungeondoa mchanganyiko huo.

Mfugaji naye huihitaji tofauti hiyo anapochagua. King, kosaafu ya Marekani iliyoteuliwa kwa ajili ya nyama, ni mzito na mrukaji dhaifu. Hufugwa ndani ya banda na kulishwa kila siku. Homer aliteuliwa kwa mbio na kurejea nyumbani. Njiwa manga wa kienyeji ana nyama kidogo, lakini hujitafutia chakula na kurudi jioni kwenye kisanduku chake juu ya nguzo. Kijitabu kinachowaorodhesha wote watatu chini ya kichwa “aina za njiwa”, bila kueleza kila mmoja aliteuliwa kwa kazi gani, humwacha mfugaji wa kijijini amnunue King kwa sababu ya ukubwa wake, amfungulie asubuhi ajitafutie kama wenzake, na kumpoteza kwa mwewe kabla hajataga.